Kanyere na Kanyama Kenye Burashi

Mu Butembo, ukimuambia mwenye pikipiki "nipeleke kwa Kanyere," hakuulizi Kanyere gani. Anakupeleka ku muteremko wa chini ya soko, mbele ya mafundi wenye kushona viti, pale kwenye studio yenye mulango wa bluu. Kanyere alianza kupiga foto wakati foto ilikuwa nyeusi na nyeupe, wakati mutu alikuwa anaazima viatu vya jirani ili apigwe foto ya miguu mpaka kichwa. Aliosha filme mu beseni, ndani ya chumba cha taa nyekundu, na vidole vyake vikanuka dawa hata siku ya Pasaka. Kisha foto ya rangi ikaingia, akajifunza rangi. Filme ikakufa, mashini ya foto yenye kadi ikaingia, akajifunza ile nayo. Kisha ordinatere, ile kompyuta. Kila mara batu balisema, "Sasa Kanyere amekwisha." Na kila mara Kanyere alikohoa kidogo, akavaa miwani yake, akajifunza.

Mwaka huu njo mambo yalimukamata pabaya. Ordinatere yake iliingia virusi, akaipeleka kwa wenye kutengeneza. Balisafisha vizuri, lakini mu kusafisha bakatoa na programu ya kutengeneza foto, ile yenye alikuwa anatumia tangu nywele zake ziko nyeusi. Programu ile muchuuzi mumoja aliileta zamani ku CD kutoka Kampala. Kanyere aliijua sawa vile mwanamuke anajua jiko lake taa ikizimika: hapa kisu, hapa chumvi, hapa kiberiti. Sasa akaiweka tena, na programu ikaanza kumuuliza namba ya siri. Hakuna mutu mu Butembo yote mwenye alikuwa ameona ile namba na macho yake. Hata ile CD haikuwa na namba, juu yake kulikuwa kumeandikwa tu "Rumba ya Zamani."

Habari zikafika kwa Kitsa, mwenye nyumba. Kitsa ni mutu muzuri, mwenye upara unaong'aa, na akitaka kukuambia neno baya anaweka mikono nyuma kwanza.

"Mama Kanyere," akasema ku mulango, mikono nyuma. "Pumzika sasa. Batoto bote bako na telefone mu mufuko. Kuna mutu mumoja anataka hiki chumba, atauza unite za kupigia na kuchaji telefone."

"Kitsa, mimi nimekufa?"

"Apana, Mama!"

"Basi ngoja nikufe kwanza."

Kitsa alicheka, lakini hakuondoa mikono nyuma. Na Kanyere aliona yeye mwenyewe kama jibu lake lilikuwa la mudomo tu. Mupiga foto mwenye hawezi kutengeneza foto ni nani?

Mu ile wiki, Mama Rébecca akaingia.

Mama Rébecca ni muzee wa Kayna. Vita ilimuleta Butembo pamoja na mujukuu wake, binti ya mutoto wake wa kwanza, na banaishi kwa ndugu yao upande wa juu. Sasa ule mujukuu alikuwa amepata muchumba, na bakwe balikuwa banakuja kuleta mahari. Kwetu, siku ile, baba za binti, ni kusema baba mwenyewe na bandugu zake, banakaa ku musitari mumoja, mbele ya bakwe: mukubwa kwanza, kisha mwenye kumufuata, kisha mwenye kumufuata tena. Bageni banausoma ule musitari sawa vile padri anasoma misale. Banajua pale pale nani atasema wa kwanza, na nani ataguswa mukono wa kwanza. Na majina yenyewe yanakusaidia: mutoto mwanaume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Unaweza kubatizwa jina lolote la kizungu, ile ya kuzaliwa haikutoki.

Lakini baba za ule binti balikuwa wapi? Paluku, baba yake mwenyewe, alibaki Kayna kulinda mashamba, na barabara ilikuwa imefungwa. Kambale alikuwa ku Kyavinyonge, ananunua samaki, na siku zile njia ya ziwa haikuwa ya kujaribia. Kasereka alikuwa anafanya kazi ku kiwanja cha ndege cha Mavivi, mukubwa wake wa kazi amekatala kumupa ruhusa.

Mama Rébecca akaweka telefone juu ya meza ya Kanyere.

"Batoto bangu bako humu ndani," akasema. "Kila mutu alijipiga foto kwake, akanitumia. Unibasimamishie pamoja. Foto kubwa. Nitaiweka juu ya viti vyao, bakwe bakiingia babasalimie."

"Siku gani, Mama?"

"Jumapili, si hii, ile ingine."

Kanyere hakusema, "Programu yangu imekufa." Mupishi hamuambii mugeni kama chungu kimepasuka. Alisema tu, "Utabaona bote batatu, Mama." Lakini muzee alipotoka, Kanyere akakaa ku kiti cha bateja, akajiambia waziwazi: "Kanyere, hii foto njo itasema. Ukiiweza, unabaki. Ukishindwa, Kitsa apewe ufunguo wake, na bauze unite."

Kulikuwa mwanamuke mumoja, Ngalula, mutu wa Kasai, serikali ilimutuma kufanya kazi mu biro moja pale juu ya muteremko. Alikuja siku moja kupigwa foto ya karte ya kazi, akabaki rafiki. Ngalula njo alikuwa anatengeneza matangazo yote ya biro yao ku ordinatere. Kanyere alimueleza shida yake, na Ngalula akapiga makofi.

"Yaya, dada mukubwa, na unalia? Kuna ingine, ya bure! Haiulizi namba. Haiulizi hata jina la baba yako."

Akaja jioni ya kazi na flash, akaiweka. Programu ilipofunguka, kanyama kamoja kakaonekana, macho makubwa, burashi imeshikwa mu kinywa.

"Hii ni mbwa ao ni panya?" Kanyere akauliza.

"Sijui, Yaya. Ni kanyama tu."

"Kanafanya kazi na kinywa. Ni vizuri, hakatasengenya batu."

Ngalula akacheka mpaka mafundi ba viti bakachungulia.

Lakini kujifunza hakukuwa kicheko. Mukono wa Kanyere ulikuwa unaenda wenyewe pale penye kitu kilikuwa zamani, na unakuta kitu kingine. Alikuwa sawa bibi-arusi mwenye amefika mu nyumba ya mama mukwe: chumvi iko, lakini haiko pale. Alitaka makasi, akapata ndoo ya kumwanga rangi, na uso wa mutu mumoja ukakuwa bluu wote. Alitaka kufuta, akaandika. Aliita mashini "we mujinga," kisha akaangalia nyuma kama hakuna mutu amesikia.

Kitu kimoja kilimuuma sana. Mu programu ya zamani kulikuwa kifungo kimoja: unakifinya, uso unakuwa mweupe, na bateja banafurahi. Mu hii ya kanyama kifungo kile hakikuwamo. Kulikuwa musitari tu, mwembamba, wenye unavuta polepole na kipanya, na mwangaza unaingia mu uso kidogo kidogo, sawa jua linaingia mu nyumba.

"Uvute kidogo," Ngalula akamuambia. "Wee, Yaya, kidogo! Umemufanya mundele, muzungu kabisa."

"Zamani balitaka hivyo."

"Na mama zao balikuwa banabajua?"

Kanyere akakumbuka ukuta wake wa foto za komunyo ya kwanza, batoto bote rangi moja, sawa mikate yenye haijaingia mu tanuri. Akavuta musitari akaurudisha.

Kisha bakafika ku kalke. Ngalula akaeleza: kila mutu unamuweka ku karatasi yake, karatasi yenye unaweza kuona ya chini yake. Unapanga karatasi moja juu ya ingine, na pale kalke moja haina kitu, ya chini inaonekana. Ukikosea ku moja, zile zingine haziguswi.

Hii ilimupendeza Kanyere sana. Zamani, kwa kuunganisha batu babili, ulikuwa unakata foto na makasi ya kweli, unabandika na gundi, unapiga foto tena, na unamuomba Mungu. Akaanza pale pale. Akafungua foto ya Paluku kwanza, kwa sababu huwezi kuita mudogo mbele ya mukubwa. Akaandika ku kalke yake "Paluku." Akaleta Kambale, akaandika "Kambale." Akaleta Kasereka, akaandika "Kasereka." Ngalula akaangalia yale majina, akasema, "Vizuri, hautapotea."

Kazi ikamukamata siku nyingi. Kambale alikuwa amejipiga foto karibu ya maji, jua la ziwa limemuchoma paji la uso, anakunja macho. Kasereka alikuwa chini ya mabati, uso wake una kivuli cha bluu. Paluku alikuwa amesimama ku mulango wa nyumba, mwangaza muzuri, lakini kola ya shati imekunjika. Kanyere alizunguka kila sikio na makasi ya kanyama, akavuta musitari wa mwangaza kwa kila mutu, mpaka bote batatu bakakuwa sawa batu bamesimama ku kiwanja kimoja, saa moja. Aliuliza Mama Rébecca ku telefone nani murefu. "Kasereka," muzee akasema, "alikula maziwa yote." Basi akamuacha murefu.

Foto ilipokwisha, akaiangalia, akaona haya kidogo juu ya kujipenda. Akafinya neno la kuandikisha, lile la kuchunga kazi, akaweka ku flash, akateremuka ku labo yenye kutoa foto. Bale ba labo bakafungua flash, bakaona kitu chenye mashini yao haiwezi kusoma.

"Mama Kanyere, hii umeandika na kilatini?"

Alipanda muteremko wote bila kusalimia mutu. Ngalula alipokuja akamueleza bila kucheka, na alijikaza sana asicheke.

"Yaya, kuandikisha ni ya nyumbani. Inakuchungia kalke zako zote, lakini ni wewe tu unaisoma. Kwa bageni unafinya ile ingine, eksporter. Kesho mimi naenda Bunia, serikali imenituma. Usisahau: nyumbani, bageni."

"Nyumbani, bageni," Kanyere akarudilia.

Kesho yake, peke yake, akataka kufanya vizuri zaidi. Akapitisha kipanya juu ya maneno ya programu, akakuta moja ya kifaransa, aplatir, kulalisha sawasawa. Akasema mu moyo: hii ni pasi. Huwezi kupeleka nguo ku fete bila kupiga pasi. Akafinya. Hakuona kitu chenye kimegeuka. Akaandikisha ya nyumbani, akafanya ya bageni, akateremuka, na labo ikamutolea foto kubwa, nzuri, batoto batatu ba mama mumoja.

Mama Rébecca alikuja Alhamisi. Akavua kitambaa cha kichwa, akajifuta nacho macho, akainama juu ya foto. Kanyere alikuwa anangoja sifa. Muzee akasogeza foto kwenye mwangaza wa mulango.

"Rangi ni yao," akasema. "Hii ni rangi yenye nilizaa. Lakini Kanyere, nani amesema Paluku ajifiche?"

"Ajifiche wapi, Mama?"

Muzee akaweka kidole. Bega la Kambale lilikuwa limefunika bega la Paluku. Na Kasereka, ule murefu, alikuwa amesimama mbele ya kaka zake bote babili, kifua mbele, sawa mwenye nyumba. Ya Paluku ilionekana kichwa na kipande cha mukono.

Kanyere alikuwa ameangalia masikio, nywele, mwangaza. Musitari wa bandugu hakuuangalia. Na Ngalula, mutu wa mbali, aliona tu banaume batatu bamesimama.

"Bakwe bakiingia, batamugusa Kasereka mukono wa kwanza," Mama Rébecca akasema polepole. "Na Paluku njo baba ya binti. Akipata habari, atalala na hii neno kule kwenye hawezi hata kutoka. Afazali viti vikae bure."

"Mama, nirudishie foto. Jumamosi utakuja."

"Na kama ni vile vile?"

"Kama ni vile vile, hautanikuta hapa."

Kanyere akafungua kazi yake akitafuta kalke ya Paluku ili amutoe nyuma. Kalke haikuwako. Kulikuwa karatasi moja tu, batoto batatu bameshikana sawa nguo na rangi yake. Pasi ilikuwa imeunganisha bote, na yeye mwenyewe aliandikisha juu yake.

Akapigia Ngalula Bunia.

"Umepiga pasi!" Ngalula akapiga kelele. "Aï, Yaya! Lazima uanze tena. Lakini sikia, ni mwepesi: kalke yenye inakuja mwisho njo inakaa juu, inafunika zingine. Anza na Kasereka, Paluku umulete mwisho."

"Mwisho? Paluku?"

"Ee, mwisho."

"Mimi niite Kasereka mbele ya kaka yake, mu studio yangu? Hapana, Ngalula."

"Yaya, hata kwetu Kasai mukubwa ni mukubwa! Lakini mashini haikuzaliwa kwetu wala kwenu. Ama umuweke chini, kisha umupandi—"

Rezo ya telefone ikakatika. Kanyere akapiga tena, akasikia ile sauti ya mwanamuke mwenye anasema kifaransa tu.

Asubuhi ya Ijumaa hakufungua studio. Alienda soko kununua samaki, juu ya mutu mwenye moyo muzito lazima akule kitu. Mwanamuke mumoja kutoka Kyavinyonge alikuwa amejaribu ile njia ya ziwa, amefika na mizigo, anapanga tilapia mu kitunga. Alianza na badogo, ba vidole vitatu. Akaweka ba katikati. Mwisho akatoa kubwa tatu, zenye tumbo nzito, akazilalisha juu kabisa, kichwa kinaangalia batu.

Kanyere akasimama.

"Mama, juu ya nini unaanza na badogo?"

Yule akamuangalia sawa mutu mwenye ameuliza juu ya nini maji inatelemuka.

"Nikianza na bakubwa, nani atabaona? Mukubwa unamuweka mwisho ili aonekane wa kwanza. We hauuzaka kitu?"

"Ninauzaka," Kanyere akasema. "Ninauzaka sura za batu."

"Basi nunua samaki, usinizibie bateja."

Akanunua. Ile njia ya kurudia aliteremuka muteremko bila kusimama, na samaki ikabaki mu kifuko chake ku musumari, ikimungoja.

Akafungua kanyama. Akaita Kasereka wa kwanza, na mudomo wake ukasema, "Ngoja hapo chini, mwanangu, si zarau." Akavuta musitari wa mwangaza. Mara hii mukono wake ulijua mahali pa makasi, ulijua mahali pa kufuta, haukutafuta. Akaita Kambale, akamuweka juu yake. Mwisho akaita Paluku, na Paluku akaingia na bega lote, na kifua chote, na mikono yake miwili ya kulima, akasimama mbele ya badogo zake. Kasereka akabaki murefu, kichwa juu ya bote, lakini nyuma. Kanyere akaangalia kola yenye imekunjika. Kulikuwa kifaa cha kuitengeneza, kama muhuri, kinachukua pazuri na kupiga pabaya. Akakishika, akakiacha. Kuna vitu vya kuachia mama. Akaandikisha ya nyumbani, kalke zote tatu zikiwa hai. Akafanya ya bageni. Pasi hakuigusa.

Jumamosi, Mama Rébecca aliingia bila kukaa. Kanyere akasimamisha foto ku ukuta. Muzee akaisogelea, akaweka kidole juu ya mutu wa kwanza.

"Paluku," akasema. Akasogeza kidole. "Kambale. Utakunja macho mpaka wakati gani, we?" Akasogeza tena. "Kasereka. Maziwa yote."

Kisha akarudi kwa Paluku, akafuta foto pale ku kola na kidole gumba, mara mbili, sawa kola itanyooka.

"Tangu utoto wake," akasema. "Hata siku ya ubatizo." Akamugeukia Kanyere. "Wasingya, asante sana. Kesho bakwe bakifika, nitabaambia basalimie kutoka huku, na bataanza na mwenyewe, baba ya binti. Na wewe ukuje ukule."

Alipotoka na foto imefungwa mu kitenge, Kanyere hakungoja Kitsa aje. Alienda kwake mwenyewe, akamukuta ku mulango wake.

"Kitsa, ule mutu wa unite, umutafutie chumba kingine. Mimi ninabaki."

Kitsa alikuwa ameweka mikono nyuma tayari. Akaitoa, akaiangalia, hakujua aipeleke wapi.

"Basi umejua ile programu?"

"Tumesikilizana."

Kitsa akapitisha mukono juu ya upara wake, akashusha sauti kwa sababu bibi yake alikuwa ndani.

"Mama Kanyere. Mu foto yangu ya karte... hiyo programu inaweza kunirudishia nywele?"

"Inaweza," Kanyere akasema. "Kalke iko. Wewe leta tu nywele."